Elimu ya Tanga kwa Vijana wa Kilwa na Visiwa Vyake



Mji wa Kilwa Kisiwani, ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akausifu kwa uzuri wake, ulineemeka kwa dhahabu ya Sofala iliyoletwa kwa tanga. Na Ahmad bin Majid, mwalimu wa bahari wa karne ya 15 aliyezaliwa Julfar, alipotunga shairi lake la njia ya kwendea Sofala, Kilwa ilikuwamo katika hesabu zake. Nayataja haya, si kwa kujifaharisha na magofu, bali kwa kuwa ilimu iliyofanya safari hizo ziwezekane ilikuwa na istilahi zake, walimu wake, na daraja zake za kupanda, tangu mtoto wa chomboni hadi baharia, na tangu baharia hadi nahodha.

Daraja hizo leo zimekatika. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 juu ya mto Rufiji, shehena nyingi zilizokuwa za majahazi zimehamia barabarani. Mashine nazo zimefungwa nyuma ya mashua, na mtoto, ambaye ni haki yake kukaa darasani, hana tena wasaa wa kufuatana na babake chomboni. Aghalabu kijana wa Songo Songo au Songo Mnara hujua kuwasha mashine, lakini ikizimika mkondoni, na kusi inavuma, hajui kutweka tanga wala kubisha.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba kila kisiwa kiwe na chama cha tanga cha vijana, na chombo chake kiwe ngalawa. Klabu ya mashua ya Msasani, Dar es Salaam, ina vyombo vya kigeni vilivyo vizuri, nami sivibezi. Lakini ngalawa huchongwa na mafundi wetu, hutengenezwa papa hapa pwani, na kwa mirengu yake ya pande mbili humstahimilia mwanafunzi anayekosea. Mashindano ya tanga ya Lamu na Unguja yamekwisha kudhihirisha kuwa watu hujaa ufukweni kuyatazama. Ila mashindano peke yake humtukuza ajuaye tayari, wala hayamfundishi asiyejua.

Mafunzo yaanze kwa kuogelea, na asiyeweza kuelea asishike usukani. Msiba wa kuzama kwa meli ya Spice Islander wa Septemba 2011 ulitulazimu sote tulitazame suala la kuokoana kwa macho mengine, na jaketi la kuokolea livaliwe hata na mwana wa nahodha mashuhuri. Kisha zifuate pepo, kaskazi na kusi, matlai na maleleji. Kisha bamvua na maji mafu, maana bamvua hapa huinua maji kwa mita 3 na zaidi, na mwamba uliovukwa maji yakiwa yamejaa huweza kupasua chombo yakipwa. Kisha goshi na demani, na jinsi ya kurudi nyumbani upepo ukiwa wa mbele. Mambo haya nahodha mzee huyasema kwa maneno machache sana, akiwa amekaa tezini, na ndiyo maana nasisitiza kwamba afundishe yeye, alipwe, wala asiambiwe kwamba hana cheti.

Wasichana wasiachwe nje. Wanawake wa Songo Songo wanaokwenda mwambani kutafuta pweza wakati wa bamvua huyajua maji kwa uhakika ambao wavulana wengi hawana. Ni dhuluma kuwafanya wangoje mwanamume awavushe.

Chuo cha uvuvi kilichoko Mikindani kiombwe kuwapima manahodha na kuwapa hati ya ualimu, na halmashauri ya Kilwa itoe pahali pa kuhifadhia ngalawa, tanga na jaketi. Naomba pia kundi la kwanza lianze wakati wa maleleji, upepo ukiwa mwepesi, liwe limekwisha kuzoea kushika kamba ya demani kabla ya kaskazi kukaza.