Risala ya Wanachama: Ghuba Yetu, Kivuko na Daraja



Tunakukaribisha kwetu, hapa Ghuba ya Mwanza.

Mgeni rasmi, ghuba hii ndiyo shamba letu. Upande mmoja Misungwi, upande wa pili Sengerema, katikati maji. Wengi wetu mtaji wa kwanza tuliupata kivukoni, Kigongo na Busisi. Magari yalipanga foleni, abiria wakashikwa na njaa, nasi tulikuwepo na samaki wa kukaanga, mihogo na chai. Foleni ikiwa ndefu, marejesho hayakuwa na shida.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi. Tulishangilia, tena kwa dhati. Nani hapa hamkumbuki mjamzito aliyesubiri kivuko usiku huku uchungu umemshika? Leo gari linavuka kwa dakika chache tu. Lakini jamani, gari lisilosimama halinunui samaki. Wenzetu wa kivukoni walibaki na masufuria na deni.

Hapo ndipo chama kilipopimwa. Wapo waliosema tuchukue masufuria yao, katiba inaruhusu. Tukakaa, tukabishana mpaka giza likaingia. Mwisho tukaulizana: ukimnyang'anya mwenzio sufuria, atalipa na nini? Tukawaongezea muda, na waliotaka tukawakopesha upya waingie kwenye dagaa.

Dagaa nao wana mambo yao. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika na wavuvi hushona nyavu. Kwa hiyo wenzetu wa dagaa hatuwadai tena kila wiki. Tunadai kwa kufuata mwezi. Pia tunaanika juu ya chanja badala ya mchangani, maana dagaa wenye mchanga huishia kwenye chakula cha kuku, na bei yao ni hiyo hiyo ya kuku.

Mgeni rasmi, ombi letu ni moja: tupatiwe eneo la kuuzia karibu na barabara ya daraja, penye maegesho, ili magari yasimame bila kuhatarisha maisha ya mtu.

Tulianza na vijisenti, leo tunasomesha watoto. Umoja ni nguvu, na deni si uadui.