Bendera ya Wachimba Migodi



Twapenda kunena habari za bendera moja. Mwaka 1854, huko Ballarat katika Australia, wachimba dhahabu walitozwa ada ya kibali, lakini kura hawakuwa nayo. Wakatweka bendera ya buluu yenye msalaba mweupe na nyota tano, wakala kiapo chini yake, kisha wakajenga boma. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba askari walilivunja boma hilo. Watu zaidi ya 20 wakafa. Hata hivyo, mwaka 1855 ada ile iliondolewa, na kiongozi wao, Peter Lalor, akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria.

Jirani zetu Wanyakyusa walikwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mwezi Mei 1935 kodi ilipandishwa huko, wachimbaji wakagoma. Luanshya watu 6 wakauawa kwa risasi. Hao hawakupewa kiti Barazani.

Bendera ni kitambaa tu. Kilichoipa heshima ni neno hili: atoaye kodi na asikilizwe. Basi sisi tuandikao stakabadhi, yatupasa kuandika pia malalamiko ya watu, tena mapema, kabla hayajaandikwa kwa damu.