Chupa Kuukuu, Asali Safi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa vikundi vya wafuga nyuki wa Mbeere, Tharaka na Embu)

Nimeombwa niseme juu ya chupa. Naona wengine wanacheka. Mtu atoke Siakago mpaka hapa kuzungumza habari ya chupa! Lakini ngojeni kwanza niwaeleze yaliyonipata.

Mwaka mmoja kikundi chetu kilivuna asali nzuri sana. Chupa mpya zilikuwa ghali, kwa hivyo nikatumwa kutafuta zilizokwisha kutumika. Nikanunua 40. Tukaziosha kwa sabuni na mchanga wa mto, tukajaza. Kesho yake mama mmoja akafungua chupa, akanusa, akaniita: "Hebu kuja unuse hapa." Ilikuwa harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Je, ni chupa moja tu au ni kumi? Hakuna aliyejua. Tulizimwaga zote. Jasho la wanachama 11 likaingia shimoni, na aliyenunua chupa ni mimi. Tangu siku hiyo nimejifunza.

Jambo la kwanza ni kuchagua. Chupa ambayo hujui ilitumiwa na nani, usiinunue. Iliyowahi kuwa na dawa ya ng'ombe, dawa ya kahawa, mafuta ya taa au asidi ya betri haisafishiki kwa chakula, hata ukiiosha mwezi mzima. Inua kila chupa kwenye mwanga. Pitisha kidole polepole mdomoni mwake. Yenye ufa au iliyomeguka, itupe, kwa maana kipande kidogo cha kioo ndani ya asali hakionekani.

Jambo la pili ni mchanga. Sisi sote tumeosha kwa mchanga, sivyo? Lakini mchanga wa mto ni mgumu kuliko kioo. Unaondoa uchafu, ndiyo, na unaacha mikwaruzo. Uchafu mwingine unashika papo hapo, na chupa inabaki na ukungu. Tumia kitu ambacho ni laini kuliko kioo: mchele mkavu, maganda ya mayai yaliyochemshwa na kupondwa, au waya wa shaba uliokatwa vipande vidogo kama punje ya mchele. Waya huo uvuliwe plastiki kwa kisu, usichomwe moto, maana moshi wake ni sumu. Na jamani, usiwe waya wa kukatwa kwenye nguzo za simu!

Sasa tuje kwa mashine yenyewe. Kutikisa chupa kwa mkono kunachosha, na ya tano haipati nguvu sawa na ya kwanza. Huko Ulaya na Marekani, watu wanaokusanya chupa za zamani huzizungusha kwa mashine ya mota, pamoja na vipande vya shaba, kwa siku kadhaa. Sisi tunaweza kutengeneza ya mkono.

Tafuta bomba la plastiki la inchi 4, ukate sentimita 40. Chupa inaingia humo, ikikazwa pande zote kwa vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli ili isigonge. Fundi wa jua kali atachonga miti miwili ya mviringo, kila mmoja urefu wa sentimita 50, na upana wa sentimita 5 na nusu pamoja na tyubu ya kuivisha. Ilazwe sambamba juu ya fremu ya mbao, ikiachana sentimita 4. Ncha zake zizunguke ndani ya matundu ya mbao ngumu yaliyopakwa grisi. Mti mmoja uwekewe mpini wa kuzungushia. Bomba linalala juu ya miti hiyo miwili, na mpini ukizunguka, nalo linazunguka. Pigilia kibao kila upande lisiteleze likatoka.

Ndani ya chupa tia vipande vya shaba mpaka theluthi moja, maji ya kuvifunika, na sabuni kidogo. Funga kizibo imara. Usijaze, kwa sababu vikikosa nafasi havitembei, na visipotembea havisugui.

Sasa sikilizeni hapa, ndipo wengi hukosea. Usizungushe kwa haraka. Ukikimbiza sana, vipande vinashikamana na ukuta wa chupa na kuzunguka nayo, kama maji kwenye ndoo unayoizungusha kwa mkono. Tunataka vipande vipande juu kidogo, kisha vianguke. Bomba ni pana mara mbili ya mti, kwa hivyo mpini ukizunguka mara 60 kwa dakika, chupa inazunguka mara 30. Hiyo inatosha. Baada ya nusu saa, fungua utazame.

Chupa yenye utando mweupe wa maji ya chokaa, iloweke kwanza kwa siki au maji ya ndimu usiku mzima, halafu uisuuze kabisa kabla ya kutia shaba, kwa kuwa asidi huila shaba. Lakini kama ukungu ni wa kioo chenyewe kilichoharibika ardhini, mkono hauutoi. Chupa hiyo iwe ya maua.

Mwisho, suuza mara tatu, na umwagie juu ya kitambaa ili kusibaki kipande hata kimoja. Weka kitambaa ndani ya sufuria, panga chupa, tia maji baridi ndipo uwashe moto. Chupa baridi ikitiwa kwenye maji ya moto hupasuka. Yachemke dakika 10. Kisha zikauke kabisa, mdomo ukitazama chini. Asali inayokubalika kimataifa haizidi asilimia 20 ya maji. Ukiiongezea maji ya chupa, itachacha, na hapo umetengeneza pombe bila kutaka.

Ndugu zangu, tangu mzinga wa Kenya Top Bar uanze kutumika miaka ya 1970, tumejifunza kutenga sega la asali na sega la majana. Tumesafisha asali yetu. Je, tuiharibu mlangoni, kwenye chupa? Mashine moja inatosha kikundi kizima. Wekeni zamu, na katika daftari liandikwe jina la aliyekagua chupa. Siku ile kwetu hapakuwa na daftari, kulikuwa na shimo tu.

Kama kuna swali, niko hapa.