Viwanja Tulivyotembelea na Mlango wa Nyumba

Masomo: 1 Wakorintho 9:24-25 na 16:19, Matendo 18:1-3, Waebrania 13:2

Leo tunasema tukiwa wawili, mume na mke, kwa sababu neno letu ni la nyumba.

Wengi wenu mnajua kwamba tunapenda kutembelea viwanja vikubwa vya mpira. Ndugu wengine wanatuuliza: Je, Mpentekoste aende uwanjani? Kama ni kwenda kubeti, hapana. Franka za kubeti zimekula karo ya watoto wengi katika miji yetu. Kama ni kulewa na kutukanana siku Nyuki ya Butembo inapocheza na Capaco ya Beni, hapana tena. Lakini mume na mke wakiweka akiba pamoja, wakaomba pamoja kabla ya basi kuondoka, wakala fungu moja la ndizi njiani, hapo dhambi iko wapi? Kuna nyumba ambamo baba ana safari zake na mama ana zake, na wanakutana wakati wa kulipa deni tu. Sisi safari zimetupa nafasi ya kuzungumza.

Mtume Paulo naye aliujua uwanja. Karibu na Korintho palikuwa na michezo mikubwa iliyofanyika kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani. Ndiyo maana aliwakumbusha Wakorintho kwamba wakimbiaji ni wengi na tuzo ni moja, tena taji lao linanyauka, lakini letu halinyauki. Basi, wapendwa, tulipokuwa tunaangalia viwanja tulijiuliza: ni nini kinachobaki pale mchezo ukiisha? Tuwaeleze juu ya viwanja vitatu.

Cha kwanza ni Namboole, huko Kampala. Tulivuka Kasindi, tukaingia Mpondwe, tukapita Kasese. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 1997 na ukapewa jina la Mandela. Tuliona viti vingi na majani mazuri, tukafurahi. Lakini mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia Uganda, pale palifanywa mahali pa kutunza wagonjwa. Mahali pa kupiga kelele pakawa mahali pa vitanda.

Cha pili ni uwanja wa Martyrs, huko Kinshasa. Una nafasi ya watu karibu 80,000. Zamani uliitwa Kamanyola, na mwaka 1997 ukabadilishwa jina. Jina lake kamili linataja Mashahidi wa Pentekoste. Sisi Wapentekoste tukisikia hivyo tunashtuka, tunadhani ni habari ya Matendo 2. Sivyo. Mwaka 1966, katika siku zile za sikukuu ya Pentekoste, wanasiasa wanne walikamatwa: Évariste Kimba, aliyekuwa waziri mkuu, pamoja na Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba. Walihukumiwa upesi na kunyongwa hadharani mahali pale, kabla uwanja haujajengwa. Umati mkubwa wa watu ulisimama ukitazama. Tulipofika pale tulikaa kimya kitambo. Siku ambayo sisi tunakumbuka Roho alivyowashukia watu wa kila lugha wakasikiana, hapo ndipo watu wa nchi moja walipofundishwa kutazama wenzao wanakufa.

Cha tatu ni Amahoro, huko Kigali. Tunajua kwamba kwa vita hivi jina la Kigali linawauma wengi wetu, na hatuzungumzi siasa. Tulikwenda mwanzoni mwa mwaka 2016. Tulivuka mbuga ya Virunga katika msafara wa magari uliosindikizwa na askari, tukafika Goma, tukavuka mpaka. Fainali ya CHAN ilikuwa Jumapili, tarehe 7 Februari, nasi tulianza na ibada. Jioni Leopards wetu waliifunga Mali mabao 3 kwa 0. Tuliimba mpaka sauti zikakauka!

Lakini kesho yake tulikumbuka habari ya mahali pale. Amahoro maana yake ni amani. Mwaka 1994, watu walipochinjana mjini, maelfu ya watu walikimbilia ndani ya uwanja ule, wakalala kwenye vibaraza na chini ya ngazi, wakilindwa na askari wachache wa Umoja wa Mataifa. Mabomu yaliangukia humo pia na wengine walikufa. Hata hivyo wengi walipona kwa sababu lango lilikuwa limefunguliwa. Kiti tulichokalia tukishangilia, labda mama fulani alilaza mtoto wake hapo karibu.

Wapendwa, hapa ndipo neno linapotukuta. Mahali pa watu wengi panaweza kuwa pa kutazama au pa kupokea. Vivyo hivyo na nyumba ya Mkristo.

Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewafukuza watu katika vijiji vya Beni. Wanafika Oicha, wanafika Beni mjini, wanafika hapa Butembo na godoro kichwani na kuku mmoja mkononi. Sisi tunasimama mlangoni, tunasema, "Pole sana," kisha tunatazama wanavyopita. Tunafanya hivyo kwa sababu ya hofu, na hofu hiyo ina sababu. Mwaka 2018 Ebola ilianza Mangina, na mpaka ilipokwisha mwaka 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 2,200. Ilitufundisha kuogopa mkono wa mgeni. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka Kasindi ndani ya kanisa la Wapentekoste wenzetu, wakiwa katika ibada ya ubatizo. Nani atamlaumu mtu anayefunga mlango mapema?

Lakini tumtazame Akila na Prisila. Nao walikuwa wakimbizi: Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi wote Rumi, wakafika Korintho. Hawakungoja kurudi kwao ndipo wafungue mlango. Walikuwa wageni, wakampokea mgeni mwingine, Paulo, wakashona hema pamoja naye. Na katika barua ile ile inayotaja wakimbiaji, mwishoni kuna salamu za Akila na Prisila pamoja na kanisa lililo nyumbani mwao. Angalieni, Maandiko hayasemi nyumba ya Akila peke yake. Mlango ule ulifunguliwa na wawili.

Nasi tulijaribiwa katika jambo hilo. Jamaa moja ya watu sita kutoka upande wa Oicha ilifika kwetu jioni moja ya mvua. Mmoja wetu alitaka waingie, mmoja aliogopa. Nani ni nani, hatusemi, kwa sababu kesho inaweza kuwa kinyume. Tuliwapa chai, tukaingia chumbani, tukahesabu: vyumba vitatu, watoto wetu wanne, debe moja la maharagi. Tukaomba. Tukakubaliana mambo matatu: watalala sebuleni, asubuhi tutawapeleka kwa shefu wa mtaa waandikishwe, na hakuna mmoja wetu atakayemlaumu mwenzake siku unga ukiisha. Hilo la tatu ndilo lilikuwa gumu kuliko yote.

Walikaa miezi saba. Haikuwa rahisi. Watoto waligombana, choo kilijaa, unga uliisha mara nyingi. Tulikuwa na akiba ndani ya kopo ya kwenda Dar es Salaam kuona uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000. Akiba ile iligeuka unga na madaftari. Mpaka leo Dar es Salaam hatujaiona. Lakini yule mama wa Oicha sasa anauza mboga sokoni, na mtoto wake mkubwa anaimba katika kwaya yetu.

Hatuwaambii kila mtu apokee watu sita. Mwingine atatoa chumba, mwingine sahani moja ya fufu na sombe kila Jumamosi, mwingine atamsindikiza mgeni kwa shefu ili asishukiwe bure. Hekima haikatazwi. Lakini baba, usiamue peke yako ukamwachia mama kupika. Na mama, usimfiche baba. Usiku wa leo, kabla ya kulala, zimeni redio, kaeni wawili mjiulize: mgeni akibisha hodi kesho, sisi wawili tutamjibu nini? Kubalianeni sasa, maana mgeni akiwa mlangoni na mvua inanyesha, muda wa kubishana ni mfupi.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyekimbizwa Misri ukiwa mtoto mchanga, utupe mioyo miwili yenye neno moja. Uwalinde walio barabarani usiku huu. Ulinde na milango itakayofunguliwa kwa ajili yako. Amina.