Safari ya Saa Kumi na Tano

Neno letu la leo latoka katika kitabu cha Danieli, mlango wa 9, kuanzia fungu la 20.

Tarehe 28 Oktoba 2018 ndege ya Kenya Airways iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Nairobi moja kwa moja hadi New York. Ni mwendo wa kilomita 11,800 hivi, na abiria hukaa kitini muda wa saa 15. Kurudi ni kama saa 14, kwa kuwa upepo wa juu huisukuma ndege kutoka magharibi. Babu zetu wangestaajabu. Mwaka 1849 Johann Krapf, mmisionari wa C.M.S., alitoka Rabai mapema Novemba kwa miguu, na ilikuwa tarehe 3 Desemba alipouona Mlima Kenya akiwa huku Kitui, kwa mwenyeji wake Kivoi. Mwezi mzima, wala hajatoka katika nchi hii yetu ya leo!

Lakini yuko mama mmoja wa Kitui ambaye saa 15 hizo hazimfai kitu. Mwanawe yuko Marekani. Hakuja kumzika baba yake, maana karatasi zake si sawa, na akitoka hataruhusiwa kuingia tena. Mama huyu huamka saa kumi na moja alfajiri kumwombea. Mwezi wa Julai mjukuu akamwambia kwamba saa hiyo, kule New York, ni saa nne ya usiku wa jana. Basi akaniuliza, "Pasta, nimwombee siku ya jana ama ya leo?" Msimcheke. Chuoni niliulizwa maswali mepesi kuliko hilo.

Mtazameni Danieli, mfungwa wa Babeli. Gabrieli anamjia kwa kuruka upesi, na Maandiko yanataja saa: wakati wa dhabihu ya jioni. Dhabihu gani? Hekalu la Yerusalemu lilikuwa magofu, hapakuwa na kuhani wala mwana-kondoo madhabahuni. Ila mzee huyu, baada ya miaka mingi ugenini, bado alihesabu siku yake kwa saa za nyumbani. Naye Gabrieli amwarifu kwamba jibu lilitolewa pale alipoanza kuomba, hata kabla hajafika kwenye Amina. Malaika alikuwa angali njiani, neno limekwisha kutoka.

Nilimwambia mama aendelee na alfajiri yake ile ile.

Nao vijana wa Makueni mnaonisikia huko Nairobi: kutoka Wote ni saa chache tu kwa matatu, na nawajua wazee wasiowaona wana wao tangu Krismasi ya mwaka juzi. Karatasi zenu ni sawa, na nauli mnayo.

Tuombe. Ee Bwana, umwangalie kijana yule kazini kwake usiku huu, na mama yake aamkapo. Uwajalie kuonana mama angali hai. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.