Kutunza Eropleni Ndogo



Watu wa Manyamanyama, katika Bunda, wamekaa baina ya ziwa na mbuga: upande mmoja Ghuba ya Speke, upande wa pili Serengeti. Kwa hiyo si wageni wa sauti ya eropleni ndogo ipitayo juu ya mashamba ya pamba. Leo nataka kuwaelezeni jinsi mwenye eropleni aitunzavyo kwa mikono yake, na mahali ambapo mikono hiyo haina budi kukoma.

Kazi ya kwanza ni ya alfajiri. Tangi lisilojaa lina hewa ndani yake, na usiku wa baridi unyevu wa hewa ile hugeuka matone ya maji. Maji ni mazito kuliko petroli, basi huzama chini, na yakivutwa mpaka kwenye mtambo, mtambo huzimika angani. Rubani hufungua kizibo kidogo chini ya tangi, akakinga petroli katika gilasi, akaitazama mbele ya mwanga. Petroli ya ndege itumikayo sana ina rangi ya buluu. Akiona matone yasiyo na rangi yamelala chini, huimwaga akakinga tena, hata apate gilasi safi. Na kama gilasi nzima haina rangi, asifurahi: huenda yote ni maji.

Kisha hutazama mrija mwembamba uliochomoza ubawani, upokeao upepo ili saa ya mwendo ipate kusema kweli. Nyigu huupenda sana mrija huo, huuziba kwa udongo. Mfuko mdogo wenye utepe mwekundu watosha kumzuia, mradi rubani asisahau kuuvua! Mbugani yuko adui mwingine, fisi, atafunaye mpira wa magurudumu. Ndiyo maana eropleni ilalayo porini huzungushiwa boma la miiba, kama ng'ombe.

Huko Marekani, mwenye eropleni aliye na hati ya urubani aruhusiwa kubadili mwenyewe matairi, plagi na mafuta ya mtambo, mradi aandike kitabuni tarehe na kazi aliyoifanya, akatia sahihi. Lakini bawa lililopinda na waya za kuongozea ni kazi ya fundi mwenye hati.

Waya hizo zina habari yake Serengeti. Mwaka 1957 Wajerumani wawili, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, walitoka kwao wakirusha wenyewe eropleni aina ya Dornier, iliyopakwa milia kama punda milia. Mwaka 1958 waliwahesabu wanyama kutoka angani. Nyumbu peke yao walikuwa 99,481. Tarehe 10 Januari 1959 Michael aliruka peke yake. Tumbusi akaligonga bawa la kulia, bawa likapinda, waya zikakwama, na eropleni ikaanguka. Alikuwa na umri wa miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa Ngorongoro.

Nisiwadanganye: gilasi ya alfajiri haikuweza kumwokoa. Lakini rubani aliyegongwa na ndege, hata mdogo, naye bado aongoza vyema, yampasa kutua uwanja wa karibu, autikise usukani huku mwenziwe akitazama kama vibawa vyaitika. Asipopata fundi siku ile, na alale hapo hapo. Abiria watanung'unika. Waacheni wanung'unike.