Taa Iliyofichwa: Maneno ya Kamati kwenye Mkutano wa Basoko



Tuko na habari ya ile motokari ya shirika, inayopeleka wagonjwa hospitalini na kupokea wenzetu wanaorudi. Mnakumbuka iligonga kisiki kwenye njia ya Bafwasende. Hakuna aliyeumia, pareshoki ilikunjika tu. Garaji moja ikainyoosha na kuipaka rangi, sisi tukalipa, tukashukuru. Kumbe kapteri ya mbele ilikuwa imepasuka.

Kapteri ni kidude cha kutoshea mkononi, kimefungwa kwenye chuma nyuma ya pareshoki. Gari ikigonga kwa nguvu, kinapeleka habari kwenye kompyuta yake, nayo inafungua erbagi, ile mifuko ya hewa, kabla kichwa hakijafika kwenye volani. Kikiharibika, taa ya erbagi inabaki inawaka kwenye tablo. Yetu haikuwaka, basi tukafurahi! Fundi mwingine ndiye alituonyesha: balbu ilikuwa imetolewa. Miezi yote ile tuliketisha mama wenye mimba pale mbele, tukiamini wamekingwa.

Wengine kati yetu walisema: gari inatembea, tuiache, feza ziende kwa familia zilizofika juzi. Si maneno ya upuzi, na kamati ilikaa nayo siku mbili. Mwishoni tulinunua kapteri mpya. Okazyoni tulikataa, maana ile iliyotoka kwenye gari lililokwisha kugonga, nani anajua imebaki na nini ndani?

Fundi alitoa waya wa bateri, ule wa hasi, akasema tungoje. Watu wakacheka: kungoja nini? Kumbe umeme unabaki kidogo kwenye mtambo hata bateri ikitolewa, na erbagi inaweza kumlipukia fundi usoni. Baada ya dakika kadhaa akafungua pareshoki, akachomoa fishi, akakwangua kutu na kunyoosha kile chuma kwanza. Hapo alichukua muda kuliko pengine pote, sababu kapteri ikikaa kwenye chuma kilichopinda, au buloni ikikazwa nusu-nusu, inasikia kishindo vibaya. Mshale wake ukaelekezwa mbele. Balbu ikarudishwa, halafu akafuta kosa kwenye kompyuta kwa mashine ya kuazima.

Ninyi wenye gari, hasa mlionunua ng'ambo mkarudi nayo: leo jioni washeni kontakti, mtazame tablo. Taa ya erbagi inatakiwa kuwaka sekunde chache, halafu izimike. Isipowaka hata kidogo, msifurahi kama sisi. Mkanda tunafunga vilevile, maana erbagi bila mkanda inaweza kuumiza, na watoto wakae nyuma.

Toka sasa dereva wetu ana ruhusa ya kukataa safari taa ile ikibaki inawaka, hata mwenye kuomba akiwa mwanakamati. Feza zilitoka kwenye kasha ya usafiri. Risiti na ile kapteri iliyopasuka ziko kwa mtunza feza, anayetaka kuziona apite tu.